Matusi ya Mtaa Wetu Yahesabiwe Kura

Nicanor Ouma,
Chumba cha juu, nyumba ya Bwana Gaffar,
Mji wa Kale, Mombasa.

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Shindano la Picha za Watoto Wachanga,
Kizingo, Mombasa.

Bwana Mwenyekiti mwenye subira,

KUH: OMBI LA KUHESABU MATUSI KAMA KURA

Natumaini barua hii inakukuta u mzima wewe, majaji wako, na yule bwana wa mlangoni aliyenikataza kuingia na beseni. Sisi huku hatujambo, isipokuwa kwa haya yafuatayo.

Mimi ndiye mpiga picha, na pia baba, wa Beryl. Ni yule mtoto wa miezi saba aliyeketi ndani ya beseni la samawati, jicho moja limefumba na jingine limetoka, mdomo umekwenda upande. Jumatatu mlimwondoa katika shindano. Mliandika kwamba mnamwondoa “kwa ajili ya ustawi wake”, kwa kuwa maoni ya umma chini ya picha yake yalikuwa “ya chuki isiyo na mfano”. Maoni hayo nimeyasoma. Walioyaandika nawajua kwa majina, kwa milango yao na kwa harufu ya mapishi yao. Nakuhakikishia kwamba katika kisiwa hiki hajatokea mtoto aliyependwa namna hiyo.

Ningeyaacha yapite, maana mimi si mtu wa kesi. Lakini kuna dada mmoja wa kanisani, Mungu amjalie kazi ya kufanya, aliyemtumia mama mkwe wangu ukurasa wenu huko Machakos. Mama mkwe aliyasoma maoni yote, tena kwa miwani. Akampigia simu mke wangu Mwende, akasema Jumamosi anashuka kwa treni kuja kumchukua binti yake na mjukuu wake, kwani hawezi kuwaacha kati ya watu wanaomtukana mtoto ambaye hata meno hana ya kujibu. Mwende alimweleza kwamba wanamtukana kwa mapenzi. Mama mkwe alijibu kwamba hayo ndiyo maneno ya mwanamke aliyezoea kuteswa. Mwende amelia, na begi la mtoto limekwisha shushwa kutoka juu ya kabati.

Kwa hiyo ninyi mnalinda shindano, mimi nalinda nyumba. Naomba picha irudishwe kabla ya Jumamosi, na matusi yale yatangazwe rasmi kuwa ni kura, mama mkwe ayakute yamegongwa muhuri. Yeye ni mwalimu mstaafu. Muhuri anauheshimu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmesoma matusi mkadhani ni matusi.

Kosa hili silishangai kwa sababu nililifanya mimi kwanza. Sisi ni watu wa bara. Siku tulipomtoa Beryl nje mara ya kwanza, Bi Mwanakhamis, jirani wa mlango wa mkabala, alimfunua shali, akamtazama kwa muda, akasema, “Kitu gani hiki? Mwakiweka cha nini?” Nilivua saa yangu nikampa Mwende aishike. Ni Bwana Gaffar, mwenye nyumba wetu, aliyetoka dukani na kunishika mkono, akanieleza taratibu jambo ambalo kila mtu alilijua isipokuwa mimi. Hapa mtoto akipendeza hasifiwi waziwazi. Sifa ikitoka mdomoni bila Mashallah humwangukia mtoto, mara homa, mara kuhara, mara kilio kisicho na mwanzo wala mwisho. Kwa hiyo anayempenda mtoto humtukana, ili jicho la hasadi likipita lisikie kwamba hapa hakuna cha kutazama, liende zake. Bi Mwanakhamis huyo huyo ndiye amemwogesha Beryl tangu siku hiyo. Humkanda kwa mafuta ya nazi huku akimwita jina la kila mnyama anayemjua.

Sasa tazama maoni mliyoyaita chuki. Bi Mwanakhamis mwenyewe aliandika: “Mwana mbaya huyu hata kamera yamwonea haya.” Bwana Gaffar: “Miaka yote ya duka langu sijapata kuona mali mbovu kama hii. Haina hata wa kuipokea bure.” Athmani, muuza kahawa wa pembeni: “Uso kama kitambaa kilichokamuliwa. Mwanikeni.” Na Bi Shirinbai, mke wa Bwana Gaffar, ambaye kwao adabu hii wanayo pia na hawaipunguzi neno, aliandika: “Thu! Thu! Thu!” Katika barua yenu mkasema mtoto ametemewa mate mtandaoni. Bwana Mwenyekiti, mama yule hakutoka jikoni siku nzima. Alikuwa akimpikia Beryl uji wa mtama, na mate yale aliyatuma mkono mmoja ukiwa kwenye mwiko.

2. Mmelalamikia doa.

Jaji wenu mmoja ameandika kwamba kuna doa jeusi juu ya nyusi ya kushoto, na kwamba mpiga picha makini angesafisha lenzi. Doa lile ni tone la wanja. Liliwekwa na Bi Mwanakhamis kwa kidole chake, kwa makusudi ya kumharibu mtoto sura kidogo, na kabla ya hapo alimgeuza Beryl mara tatu kwenye mwanga kuchagua mahali. Nimeona majaji wakichagua mshindi kwa uangalifu mdogo kuliko huo.

3. Mmesema picha ni ya “bahati”.

Hili limenichoma kama fundi. Sikusomea upigaji picha, ni kweli. Mimi ni karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, na mzigo ukifika umevunjika mimi ndiye ninayetumwa na kamera kuupiga picha kabla mtu hajaukana. Mizigo iliyovunjika imenifundisha yote ninayoyajua kuhusu watoto wachanga. Haingoji. Huvuja. Na kila aliyekuwa karibu huapa kwamba alikuta hali iko hivyo hivyo. Ukiipiga picha kwa juu, ukiwa umesimama, huonekana midogo na yenye makosa. Shuka chini mpaka usawa wake, nayo itapata heshima. Mwanga uwe wa pembeni. Nyuma pasiwe na kitu kinachotaka kutazamwa. Na kidole kiwe tayari kabla ya tukio, maana baada ya tukio hubaki karatasi tu.

Ndivyo nilivyofanya. Kichochoro chetu ni chembamba, jua huingia kwa muda mfupi kabla ya adhuhuri, hugonga ukuta mweupe wa upande wa pili na kurudi laini kwenye kizingiti cha Bwana Gaffar. Hapo ndipo nilipomweka Beryl ndani ya beseni, amekwisha nyonya na hajaanza kusinzia, kwani kati ya hayo mawili mtoto ana nafasi ndogo ya kuwa binadamu. Nililala kifudifudi juu ya mawe. Wateja wa dukani walinivuka. Mmoja aliniwekea mfuko wa unga mgongoni huku akifunga kamba za kiatu. Bi Mwanakhamis akachovya ncha ya kidole katika maji ya ukwaju, akamlambisha Beryl kwa mara ya kwanza duniani. Mimi nilikuwa nimekwisha bonyeza. Jicho la wazi ni kali hata unaweza kuhesabu kope. Lile lililofumba ni kali vilevile, ila kwa ndani.

Hiyo si bahati. Bahati ilikuwa ule mfuko wa unga kutopasuka.

4. Hili nimelifuta kwa ushauri wa Mwende. Lilimhusu jaji wa pili na miwani yake.

5. Mmewafungia majirani zangu.

Bi Mwanakhamis alinunuliwa simu na wanawe kwa ajili ya shindano hili tu. Alijifunza kuandika maoni kwa kujaribu juu ya picha ya Beryl, na tusi lake la kwanza lilimchukua asubuhi nzima. Sasa ukurasa wenu haumfungukii. Anadhani simu imekufa. Ameipeleka kwa fundi, fundi ameifungua na hakukuta kosa, ameifunga na kimebaki kijiskurubu kimoja mkononi. Athmani naye amefungiwa. Anawauliza wateja kama kuna mtu anayewajua polisi, na biashara ya kahawa haipendi swali hilo. Bwana Gaffar anatumia simu ya mkewe kumtukana mwanangu kwa siri, kama mtu anayevuta sigara chooni.

Mnasema mnawalinda watoto. Kwa mtaa wetu, mmemwondolea mtoto mmoja ulinzi wake wote kwa siku moja.

6. Mmemwacha hatarini mtoto wa Kizingo.

Namzungumzia anayeongoza kwa sasa, aliyepigwa picha na Bwana Jared, yule wa harusi. Amelala ndani ya kikapu cha manyoya, kavikwa masikio ya sungura, joto la Mombasa likiwa palepale. Ni kazi safi, ingawa sikuelewa kama mtoto anauzwa au anapikwa. Lakini si hilo. Nilisoma maoni chini yake: “Mrembo!” “Malaika!” “Sijawahi kuona mtoto mzuri hivi maishani mwangu!” Ukurasa baada ya ukurasa, na Mashallah hata moja ya kufunikia. Nilimsomea Bi Mwanakhamis. Aliketi. Akauliza kama mtoto huyo hana watu. Nikamwambia anao, tena wana nyumba kubwa na miti. Akasema, “Basi na watu wake ndio hao?” Akanituma nimpelekee kijichupa cha wanja. Askari wa getini alikinusa, akadhani ni kitu cha kulevya, akakirudisha kwa ncha za vidole. Niliwatafuta majirani wa mtoto yule ili niwaombe wamtukane japo kidogo, lakini kule watu wamo ndani ya magari na vioo vimepandishwa.

Mimi mwenyewe ni Mkristo wa bara, nimebatizwa na cheti ninacho. Mambo ya jicho siyaamini. Ila ninaamini katika tahadhari. Bandarini pia hatuamini kwamba kila kreti litaanguka, na bado tunalifunga kamba.

7. Hesabu yenu ya kura haina msingi.

Ikiwa umenifuata hadi hapa, Bwana Mwenyekiti, utakubali kwamba tusi ni sifa iliyovaa kanzu. Na ikiwa ni sifa, ni kura. Napendekeza ihesabiwe hivi. Tusi la jirani, kura moja. Tusi la mwanamke aliyewahi kumwogesha mtoto, kura mbili, maana yeye ameona zaidi. Mate yaliyoandikwa, kura tatu, kwa kuwa ni shida kuyatamka kwa vidole. Tusi moja tu naomba litupwe nje kwa haki, la Athmani yule yule, alipoandika mara ya pili: “Mbaya kama babake.” Hilo nimelichunguza kwa makini na nahofia alimaanisha.

Sifa tupu, isiyo na Mashallah, ipunguze kura moja. Kwa kanuni hii mtoto wa Kizingo yuko chini ya sufuri kwa umbali ambao sitautaja, nisimwongezee mzigo.

Tena kuna jambo kubwa kuliko haya. Mtu akimwona mtoto mzuri kupita kiasi, hata tusi huliogopa. Hutazama, hushusha pumzi, hufunga mdomo, huenda zake. Ukimya ndio upendo mkubwa kuliko wote. Kwa hiyo naomba wahesabiwe pia wote ambao hawakuandika lolote chini ya picha ya Beryl: makuli wa Kilindini, akina mama wa Kibarani, madereva wote wa malori waliokwama Makupa, na watu wa Kizingo wenyewe ndani ya vioo vyao. Kisiwa kizima kilinyamaza, Bwana Mwenyekiti. Sijaona ushindi wa namna hiyo hata katika uchaguzi wa wabunge.

8. Mwaka ujao.

Ili yasitokee tena, naomba kamati ifanye yafuatayo. Majaji waje kukaa barazani kwa Bi Mwanakhamis kwa muda atakaoona unawatosha, wajifunze kutazama mtoto bila kumdhuru. Waanze kwa kutukanana wao kwa wao, kwa upole. Picha isipokelewe mpaka imetukanwa na wanawake watatu wazima wasio na ugomvi na mama wa mtoto. Masikio ya sungura yapigwe marufuku kusini mwa Makupa. Jina la shindano libadilishwe liwe Mtoto Mbaya Kuliko Wote, na mshindi atangazwe kwa sauti ya masikitiko. Umati usipige makofi. Ugune.

Najua mtasema kwamba nimekwenda mbali. Lakini Jumamosi mama mkwe wangu atashuka kwenye treni akiwa na uso wa mtu anayekuja kutoa mzigo wake bandarini kabla haujaharibika zaidi, na uso huo naujua kikazi. Mwende hataki kwenda. Anasema hapa ndipo mahali pa kwanza ambapo mtoto wake ana bibi mlango wa mbele na bibi mlango wa nyuma. Lakini hajawahi kumwambia mama yake hapana, na hawezi kuanza na mtoto begani. Nikibaki peke yangu katika chumba hiki nitakuwa na kamera nzuri na beseni tupu. Kwa hiyo mkikataa yote nane, nipeni hata moja: rudisheni picha, na muandike chini yake, kwa muhuri, kwamba watu wa mtaa huu wanampenda mtoto huyu. Nitamalizia mimi maelezo.

Nisalimie majaji wote, pamoja na yule wa lalamiko la nne, ambaye simtaji. Msalimie Bwana Jared na umwambie kikapu kilikuwa kizuri. Wasalimie wazazi wa mtoto wa Kizingo, na ukipata nafasi mwite mtoto wao chura, kwa niaba yetu. Bwana Gaffar, Bi Shirinbai na Athmani wanakusalimu sana. Bi Mwanakhamis angekusalimu, ila simu yake iko kwa fundi.

Nabaki wako katika kulalamika kwa adabu,

Nicanor Ouma (Baba Beryl)

Baada ya kutia sahihi:

Bwana Mwenyekiti, tafadhali usiyafuate hayo ya juu. Mambo yamegeuka kabla sijaipeleka barua.

Mama mkwe hakungoja Jumamosi. Amekuja leo Alhamisi, nikiwa kazini. Niliporudi nilimkuta ameketi barazani kati ya Bi Mwanakhamis na Bi Shirinbai, Beryl mapajani, na nikaona mambo yangu yamekwisha. Kumbe walikuwa wamefika kwenye yale mate. Mama mkwe alisema kwao pia, enzi za nyanya yake, mtoto alitemewa mate kifuani na wazee ili abarikiwe, ila hakujua kwamba siku hizi yanatumwa kwa simu. Kufikia chai ya jioni alikuwa akimwita Beryl gunia la mihogo. Mwende alirudisha begi juu ya kabati, nami nikaenda nyuma ya mlango kufuta miwani, ambayo sivai.

Saa hiyo hiyo ndipo ulipoingia ujumbe wenu. Mmeandika kwamba mmoja wa majaji ana mama yake Kuze, humu humu Mji wa Kale, mama amemweleza yote, mmeona kosa, na Beryl mmemrudisha, tena mmempa nafasi ya kwanza. Na wewe mwenyewe, Bwana Mwenyekiti, kwa nia njema ninayoijua, umeandika chini ya picha, mbele ya ulimwengu mzima: “Huyu ndiye mtoto mrembo kuliko wote tuliopata kuwaona.” Basi. Nukta. Hakuna kilichofuata.

Mama mkwe alisoma kwa sauti. Akavua miwani. Akauliza ni nani huyu na mjukuu wake amemkosea nini. Beryl akapiga chafya. Mimi, mwenye cheti cha ubatizo, nilikuwa wa kwanza kufika kwenye wanja.

Kwa hiyo naliondoa ombi langu lote. Mrudisheni Beryl nafasi ya mwisho. Ikiwa kuna nafasi chini ya hiyo, hatutaikataa. Maneno yako yafute leo hii, na kama kalamu inakuwasha, andika kwamba ni mtoto wa kawaida. Picha isitundikwe. Akina mama watatu wameniomba anwani ya nyumba yako na sikuwapa, lakini mji huu ni mdogo.

Na mama mkwe amebadili safari. Anasema Beryl haendi Machakos ng'o, kwa sababu kule watu humsifu mtoto wazi wazi, ovyo ovyo, hata kanisani. Atabaki hapa Mombasa, penye ulinzi, na yeye mwenyewe atabaki kumlinda mpaka ajue kusema. Chumba chetu ni kimoja, Bwana Mwenyekiti. Tangu jioni amekwisha niita mkwe mwema mara mbili, bila Mashallah, na mgongo umeanza kuniuma.